Maswali ya wasomaji: kijidudu cha kibofu na vazi lake

Hamjambo wahariri? Mwaka huu nimeugua UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara nne, na kila mara maabara huandika E. coli. Binti yangu aliugua tetekuwanga mara moja tu, ikaisha. Mbona mwili wangu haujifunzi? – Mama wa Umoja, Nairobi

Mwili wako unajifunza, mama, ila somo lenyewe hubadilika. E. coli ni jina la ukoo mzima. Kijidudu kilichokuambukiza, tuseme, Machi na kile cha Agosti huenda ni ndugu wa mbali waliovaa tofauti.

Kinachokishikiza kibofuni ni vinyweleo vyake: 100 hadi 400, kila kimoja na upana wa takriban nanomita 7 na urefu wa mikromita 1 au 2. Bila hivyo, mkojo ungekisomba. Chukulia kinyweleo kuwa ni uzi wa shanga zaidi ya 1,000 uliosokotwa. Shanga hizo ni protini iitwayo FimA. Nchani kabisa kuna shanga moja isiyofanana na nyingine, FimH, nayo ndiyo ndoano. Hunasa sukari ya manosi iliyo kwenye ukuta wa kibofu, na mkojo unapoivuta huzidi kukaza.

Kingamwili, yaani protini za mwili zinazonasa vijidudu, hutengenezwa zaidi dhidi ya kile kinachoonekana kwa wingi, yaani FimA. Lakini FimA hutofautiana baina ya aina za kijidudu, kwa hiyo kingamwili za Machi huenda zisiishike vizuri ile ya Agosti. Vinyweleo vya P, vinavyoshika figo, vina sura zaidi ya 10, na sukari za ganda la nje zina aina zaidi ya 180. Ndoano ndiyo hubadilika kidogo tu, maana lazima iendelee kuenea kwenye sukari ileile. Ndiyo sababu watafiti wa chanjo huilenga. Mwaka 1997 chanjo ya FimH iliwakinga panya maabara.

Kuna hila ya pili ambayo wengi huichanganya na ya kwanza. Mbele ya jeni za vinyweleo pana kipande cha DNA chenye jozi 314 za herufi, nacho hupinduka. Kikielekea upande mmoja, vinyweleo huota. Kikielekea wa pili, huzimika. Protini ya FimB hukipindua pande zote mbili, FimE hupendelea kuzima. Hapa sura haibadiliki: kijidudu huvaa au huvua tu. Kwa hiyo katika tone moja la mkojo, wengine wamevaa na wengine wako uchi, na kingamwili ya vinyweleo haina cha kushika kwa walio uchi. Wengine huingia ndani ya seli za kibofu, mahali ambapo kingamwili haziwafikii.

Kwa upande wako: usinunue tena dawa ya mara iliyopita kwa kuwa jina la kijidudu ni lile lile. Omba mkojo uoteshwe na upimwe dawa gani inakiua, na uhifadhi majibu yote manne uyalinganishe na daktari. Osha sehemu za siri kwa maji, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye kikopo safi cha maabara. Ufike ndani ya saa 2. Ukihofia foleni ya Jogoo Road, uweke kwenye friji kwa nyuzi 4, usizidi saa 24, kisha uusafirishe ukiwa baridi. Ukikaa kwenye joto la mkoba, vijidudu vichache huzaana hadi vikavuka 100,000 kwa mililita, idadi ambayo maabara huihesabu kuwa maambukizi, na utapewa dawa usiyoihitaji. Ukiwa na homa, maumivu ya ubavuni, kutapika au ujauzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tulifanya kipimo cha hamira chuoni kwa E. coli ya mgonjwa, kuona kama vinyweleo vyake vitaigandisha hamira. Haikugandana hata kidogo, ingawa mgonjwa alikuwa na maambukizi dhahiri. Tulikosea wapi? – Mwanafunzi wa maabara, Nairobi

Yaelekea mliichota moja kwa moja kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea vijidudu). Huko wengi huzima vinyweleo.

Chukua koloni moja, itie kwenye mililita 10 za mchuzi wa kuoteshea, uiache nyuzi 37 kwa saa 24 bila kutikisa. Hamisha mikrolita 10 kwenye mililita 10 mpya, saa 24 tena. Kutotikisa ndiko siri: hewa hupungua, na waliovaa vinyweleo hujikusanya juu kama utando na kuwazidi wengine. Zungusha kwenye sentrifuji, punguza maji hadi uzito wa maziwa, kisha changanya tone moja na tone la hamira (gramu 1 kwa mililita 100 za maji ya chumvi) kwenye slaidi. Yumbisha polepole. Fanya slaidi ya pili yenye manosi asilimia 3. Ya kwanza ikigandana na ya pili ikabaki laini, ni vinyweleo vya FimH. Vinyweleo vya P havitaonekana hapa; hivyo hupimwa kwa chembe nyekundu za damu ya binadamu, manosi ikiwemo.

Unga wa manosi unaouzwa madukani huzuia UTI? – Msomaji, South B

Wazo lina mantiki: ndoano inase sukari ya unga badala ya kibofu. Lakini utafiti wa Uingereza uliotolewa 2024, wanawake 598 wakinywa gramu 2 kila siku kwa miezi 6, ulionyesha waliougua tena ni asilimia 51 kwa manosi na 55.7 kwa unga wa kulinganishia usio na manosi, tofauti isiyotosha kuthibitisha chochote. Ukiwa hunywi maji ya kutosha, lita 1.5 za ziada kwa siku zina ushahidi bora: mwaka 2018, wanawake waliofanya hivyo waliugua wastani wa mara 1.7 kwa mwaka, wenzao 3.2.