Usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kujua kinachokuchosha

Pole sana, ndugu. Umesema una miaka 4 kaunta, mshahara si mbaya, lakini kila Jumapili jioni moyo unakuwa mzito na unataka kuacha benki. Nimekaa kaunta miaka 6, naijua hali hiyo: saa ya kufunga hesabu, noti moja haionekani, unarudia kuhesabu huku mikono ikitetemeka.

Kwanza tenganisha kazi na mazingira yake. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walieleza kuwa mshahara na mazingira mazuri hupunguza manung'uniko, ila kuridhika hutoka kwenye kazi yenyewe: kukua, kuaminiwa, kuona matunda yake. Kwa wiki 3 andika kila jioni kilichokuumiza siku hiyo. Ni wateja? Malengo ya mauzo? Au bosi?

Kama ni kaunta tu, omba uhamisho wa ndani. Mimi nilihamia ukaguzi wa ndani na usingizi ukarudi. Idara za mikopo na vihatarishi (usimamizi wa hatari za benki) nazo zinahitaji mtu anayeijua kaunta.

Ukiamua kuondoka, soma kwanza mkataba wa mkopo wako wa mfanyakazi. Mara nyingi ukiacha kazi, riba nafuu huondolewa, au unadaiwa salio lote kwa mara moja. Hapo wengi wameumia. Angalia pia muda wa notisi, na weka akiba ya miezi 6.

Na kama hulali au unakata tamaa ya maisha, muone daktari wiki hii hii. Hilo lisisubiri uhamisho.