Maji yachemke, kahawa isichemke

Barua za safari hii zimekuja kwa wingi, na karibu zote zinauliza kahawa ya kambini. Nimefurahi kweli. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya upishi nimeipitisha mahemani, nikiwapikia wapanda milima na watembea porini, na katika kazi zote za jikoni sijaona inayonipa raha kuliko kuandaa kahawa ya alfajiri watu wakiwa bado wamejikunyata kwa baridi. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu humo ndimo lilimo jambo lenyewe.

*Shikamoo Shangazi. Sisi ni marafiki wanne tunaopenda kupiga kambi, na mimi ndiye nimeachiwa kahawa. Nyumbani kahawa yangu ni nzuri sana. Nikiichukua hiyohiyo kambini nikaipika kwa sufuria juu ya kuni, inatoka chungu haimezeki, inanuka moshi, na machicha yanajaa mdomoni. Wenzangu wanasema tuchange tununue mtambo. Wewe unasemaje?*
— Mpika kahawa wa kundi

Marahaba, mwanangu. Msichange kwanza. Niambie: kahawa unaitia lini sufuriani? Katika kambi nyingi nilizopita nimekuta mtindo ni mmoja. Maji na kahawa vinaingia pamoja, sufuria inainjikwa, mpishi anakwenda kukunja matandiko. Akirudi, kahawa imetokota robo saa. Ikifika hapo hata mtambo wa bei mbaya hauiokoi.

Kahawa haitoi vyake vyote kwa mkupuo. Uchachu mwepesi na harufu hutangulia, utamu hufuata, na ule uchungu mkavu unaokwaruza ulimi huja nyuma. Ukiiacha ichemke, harufu inapotea na mvuke huku uchungu ukizidi kukamuliwa. Kwa hiyo sheria yangu ni moja: maji yachemke, kahawa isichemke.

Anza na moto. Usipikie miali, ngoja kuni zishike hadi upate makaa mekundu, kisha yasogeze katikati ya mafiga. Miali ndiyo inayoleta moshi sufuriani, na moshi hupenda maji yaliyo wazi, basi mfuniko usibanduke. Kabla hujainjika, paka sabuni ya kipande nje ya sufuria, chini na ubavuni, nje tu. Masizi yataganda juu ya sabuni na yatatoka kwa maji kidogo badala ya kukutoa jasho kwa mchanga.

Maji yakichemka, epua. Weka sufuria chini mahali palipo sawa, hesabu kama nusu dakika, ndipo utie kahawa. Kipimo kizuri cha kuanzia ni gramu 60 kwa lita moja ya maji. Najua mizani haiendi porini. Pima nyumbani, funga vifuko vya gramu 30, kila kimoja cha nusu lita, na kambini utakuwa unapasua kifuko tu bila kubahatisha gizani. Koroga mara moja ili unga wote ulowe, funika, uache dakika 4. Kama kuna upepo au baridi, zungushia sufuria taulo nene, mradi iwe mbali na makaa.

Sasa funua uangalie, maana hapa ndipo ninapopapenda. Juu pameota gome la rangi ya udongo, limetuna katikati, na pembeni kuna povu jepesi la hewa iliyokuwa imejificha ndani ya buni tangu zilipokaangwa. Nyunyizia vijiko viwili vya maji baridi, yale ya kunywa. Gome litapasuka, chembe zitaanza kushuka moja moja, kisha kwa makundi, na chini yake utaona kahawa nyeusi inayong'aa. Ipe dakika mbili nyingine itulie. Mimina taratibu bila kuitikisa sufuria, au chota kwa upawa kutoka juu, na kile kimo cha kidole kinachobaki chini usikigombanie.

Halafu kuna usagaji. Kahawa iliyosagwa laini haizami yote hata uibembeleze vipi. Kwa sufuria, iwe chengachenga, punje zake zifanane na chumvi ya mawe iliyopondwa. Ukiweza beba buni nzima na kinu kidogo cha mkono, kwa sababu kahawa ikishasagwa hewa inaingia kila upande na harufu inapotea upesi. Kama huna kinu, isage siku ya safari na uifunge pasipopita hewa.

Jaribu hivyo, kisha mniandikie tena kama bado mnautaka huo mtambo.

*Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mstaafu, nimeanza kupanda milima uzeeni. Kambi zetu za juu zinakuwa kwenye mita 3,500 hivi. Kahawa ninayopika kule ni nyepesi, ina uchachu, haina mwili, ingawa maji nayaona yanachemka sana. Kuna wanaosema ni ulimi ndio unaobadilika.*
— Mpanda milima wa uzeeni

Kaka yangu, hongera kwa miguu hiyo. Ulimi wako usiusingizie. Chanzo kikubwa kiko kwenye maji. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Kwa hesabu ya mkononi, kila mita 300 za kupanda zinapunguza kama nyuzi joto moja. Pwani yanachemka kwa nyuzi 100; hapo ulipo wewe ni kama 88. Ukiongeza moto yatafoka tu na kumaliza mafuta yako, joto halipandi. Na kahawa hupenda maji ya nyuzi 90 na ushee, hadi 96. Ndiyo maana inatoa ule uchachu wa mwanzo, utamu ukabaki kwenye machicha.

Basi kule juu ile nusu dakika niliyomwambia kijana hapo awali iache. Tia kahawa mara tu unapoepua. Isage laini kidogo kuliko ya nyumbani, ongeza kijiko, na ifunike dakika 6 au 7 ikiwa imeviringishwa vizuri. Kikombe nacho kipashe kwa maji ya moto kabla ya kumimina. Kikombe cha bati kilicholala nje kwenye baridi kinameza joto lote kwa pumzi moja. Na ukiwa unachagua buni za kupanda nazo, chukua zilizokaangwa kufikia weusi zaidi, hizo hutoa ladha kwa urahisi hata maji yakiwa na joto pungufu.

Jambo jingine si la ladha ila ni la afya. Kama maji ni ya kijito, chini ya mita 2,000 yaache yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima. Juu ya hapo, dakika 3. Kwako wewe ni 3, kila mara, hata ukiyaona maangavu namna gani.

*Shikamoo Shangazi. Jiko langu dogo la gesi linawaka vizuri mchana, lakini alfajiri ya baridi linafifia hata birika halichemki, na mtungi ukiutikisa unasikia gesi bado imo. Je, nikiliingiza ndani ya hema na kufunga zipu, halitapata joto? Nina watoto wawili, natamani wasitoke nje mapema.*
— Mama wa kambi

Marahaba, mwanangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kufanya. Hapana. Usiwashe jiko ndani ya hema, wala usiingize makaa, hata kwa dakika chache, hata zipu ikiwa nusu wazi. Moto unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaanza kwa kichwa kuuma na usingizi mzito, na aliyelala haamki kujiokoa. Kitambaa cha hema nacho kinashika moto upesi kuliko utakavyofungua zipu. Watoto wasubiri kahawa ya mama ndani ya mifuko yao ya kulalia, na wewe upike nje. Naomba unisikie katika hili kuliko yote niliyoandika leo.

Sasa gesi yenyewe. Ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika, na lazima igeuke hewa ndipo ipande jikoni. Gesi ya aina ya butani inaacha kugeuka hewa joto likikaribia nyuzi 0. Isobutani inavumilia hadi kama hasi 12, propani hadi hasi 42. Soma ubavuni mwa mtungi: kama ni butani tupu, ndiyo sababu. Nunua mchanganyiko wenye propani na isobutani. Hata huo, propani hutangulia kwisha, kwa hiyo mtungi uliokaribia mwisho huwa mvivu alfajiri. Panga mpya kwa asubuhi, mkuukuu utumie jioni.

Usiku lala nao miguuni ndani ya mfuko wa kulalia, ukiwa umefungwa vizuri na haujaunganishwa na jiko. Asubuhi ukianza kufifia, usimamishe kwenye sahani yenye maji vuguvugu. Usiukaribishe kwenye moto kamwe. Na kizuia upepo kiwekwe upande mmoja tu. Ukizungushia jiko lote, mtungi ulio chini yake utapata joto kupita kiasi na unaweza kulipuka.

*Shangazi, nataka kununua chombo kimoja tu cha kahawa ya safari. Natembea peke yangu, mzigo mgongoni. Moka (lile birika la mvuke), kichujio cha karatasi, au hii ya kusukuma kwa mkono?*
— Msafiri wa peke yake

Dada yangu, moka naipenda. Imekuwapo tangu mwaka 1933, Alfonso Bialetti alipoileta kule Italia, na kahawa yake ni nzito kweli. Ila inataka jiko lililotulia. Juu ya mafiga inayumba, na mpini wa plastiki ukiguswa na miali unayeyuka. Ni chombo cha anayesafiri kwa gari.

Kichujio cha karatasi, alichokianza Melitta Bentz wa Ujerumani mwaka 1908 kwa karatasi ya daftari la mwanawe, ndiyo njia nyepesi kubeba. Kikombe kinakuwa safi, bila chembe. Lakini karatasi ikilowa mvua mfukoni kazi imeisha, na upepo unapoza maji kabla hayajashuka. Ukichagua hiki, lowesha unga kwanza kwa maji kidogo, subiri nusu dakika uumuke, kisha mimina polepole kwa mzunguko.

Kwa mtu mmoja mwenye mzigo mgongoni mimi ningechukua ile ya kusukuma, AeroPress, iliyobuniwa na Mmarekani Alan Adler na kuanza kuuzwa mwaka 2005. Ni plastiki, haivunjiki, dakika mbili kahawa iko tayari, na machicha yanatoka yamekauka kama kibonge, jambo utakalolishukuru wakati wa kusafisha. Ile ya kioo yenye kuchuja kwa kubonyeza iache nyumbani. Na kifuko kimoja cha kahawa ya kuyeyuka kiwe mfukoni kwa siku ya mvua isiyokatika; hakuna ubaya wowote.

*Shangazi, tunakokwenda mwezi ujao moto hauruhusiwi kabisa, hata jiko la gesi, kwa sababu ya ukame. Tukose kahawa siku mbili? Na pia tunabishana: machicha tukiyamwaga kwenye vichaka si yanakuwa mbolea?*
— Wawili wanaobishana

Hamtakosa. Loweka. Chukua gramu 80 za kahawa iliyosagwa chengachenga, tia kwenye chupa ya lita moja yenye mdomo mpana, jaza maji, tikisa, funga, uiache usiku kucha, kwa muda wa saa 12 hivi. Asubuhi chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichosuuzwa bila sabuni. Utapata kahawa laini yenye uchachu mdogo. Haina ule mchangamko wa kahawa ya moto, siwadanganyi, lakini jua likishapanda mtaifurahia. Kwa vile maji hayachemshwi, yawe yale mliyobeba mkijua ni salama. Kama ni ya kijito, yapitishwe kwanza kwenye chujio la kusafishia maji au yatiwe dawa na kungojwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Dawa ya klorini itaacha ladha kidogo, vumilieni. Chupa ikae kivulini, na mliyochuja muimalize siku hiyohiyo.

Kuhusu ubishi wenu: machicha yasimwagwe. Yanakawia kuoza, hasa mahali pakavu kama hapo mnapokwenda, kafeini iliyobaki ndani yake inaweza kudumaza miche, na harufu inawaita wanyama kambini kwa wenzenu watakaowafuata. Yakamueni katika kitambaa hichohicho, yaanikeni kidogo juani yapungue uzito, yatieni kwenye mfuko unaofungwa, mrudi nayo. Maji mliyosuuzia chupa yachujeni, mkayamwage kwa kuyatawanya, angalau mita 60 kutoka kwenye mto au kisima.