Maswali ya wasomaji: Simu imechukuliwa usiku, je, Katiba imevunjwa?

Polisi waliingia chumbani kwangu saa tano usiku bila karatasi yoyote, wakaondoka na simu. Ibara ya 16 inalinda faragha. Nifungue kesi ya Katiba Mahakama Kuu? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Usianzie huko. Ibara hiyo inalinda makazi na mawasiliano yako, lakini ibara yake ndogo ya pili inaruhusu sheria iweke utaratibu wa kuingilia faragha. Cha kuangalia kwanza ni kama utaratibu huo ulifuatwa.

Umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kwa kawaida upekuzi wa nyumba unahitaji hati, na hufanyika kati ya macheo na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Dharura, kama ushahidi unaokaribia kutoweka, ina kanuni zake, na bila shaka ndiyo watakayojitetea nayo. Vitu vikichukuliwa, unapewa stakabadhi yenye saini yako na za mashahidi. Isome kabla ya kusaini: simu iandikwe aina na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, maana “simu moja nyeusi” ni ya yeyote. Kama hukupewa, andika leo hii saa waliyofika, walichochukua na nani alishuhudia, awe mjumbe wa shina au jirani.

Kisha mwandikie mkuu wa kituo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, panda kwa Kamanda wa Mkoa, au peleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ukidai fidia mahakamani, Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90. Kesi nyingi zimetupwa kwa kuiruka.

Shauri la kikatiba ni la mwisho. Tangu marekebisho ya 2020 ya sheria inayosimamia mashauri hayo, lazima uape kueleza ulivyoguswa wewe binafsi, na uwe umemaliza njia nyingine za kisheria. Wengi hukwama hapo, kabla majaji watatu hawajaketi kusikiliza. Wala usidhani upekuzi mbovu unaifuta kesi ya jinai yenyewe: mahakama ina hiari ya kupokea ushahidi uliopatikana hivyo.

Kaka yangu yuko mahabusu ya polisi siku ya tatu. Si Katiba inasema saa 24? Na kwa nini makosa mengine hayana dhamana wakati mtu hajatiwa hatiani? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha)

Saa 24 haziko kwenye Katiba. Ibara ya 15 inasema mtu asinyimwe uhuru ila kwa utaratibu wa sheria. Saa zenyewe ziko kwenye sheria ile ile ya mwenendo wa jinai, nayo ina milango ya kutokea, hasa kosa likiwa zito au adhabu yake kifo. Ulizeni kwanza anatuhumiwa nini. Wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake; si ajabu mtuhumiwa akapandishwa kizimbani kabla ombi halijasikilizwa.

Kuhusu dhamana, hapa ndipo ibara ya 30 inapouma. Inakubali sheria zinazopunguza haki kwa ajili ya ulinzi, amani, afya ya jamii, haki za wengine na mengineyo. Orodha ni pana mno kwa maoni yetu, lakini Mahakama ya Rufani iliiwekea kipimo katika shauri la Daudi Pete mwaka 1991, ikakirudia katika la Kukutia Ole Pumbun mwaka 1993, ilipofuta sharti la kuomba kibali cha Serikali kabla ya kuishtaki. Sheria inayobana haki isiwe ya kionevu, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane kuliko inavyohitajika. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitumia hoja za namna hiyo kukataa kifungu kinachozuia dhamana kwa mauaji, uhaini na unyang’anyi wa kutumia silaha. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Kifungu kipo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa Arusha. Naweza kwenda moja kwa moja? (Msomaji, Sakina)

Hapana. Tanzania ilijiondoa mwaka 2019 kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki huko, na kujiondoa kukaanza kazi Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, inakupokea bila kumaliza mahakama za ndani, ila ndani ya miezi miwili tangu tukio au tangu ulipolijua. Ukichelewa, hawaongezi hata siku moja.