Kabla hujaandika ekwesheni, itoe ile kitu peke yake uichore

Testi yangu ya kwanza ya mekanika (somo la kani, yaani nguvu za kusukuma na kuvuta), mwaka wa kwanza wa uhandisi, nilipata 31 kwa 100. Na nilikuwa nimesoma jamani. Wiki tatu nakesha, daftari limejaa maswali zaidi ya 60 na yote yana majibu sahihi, boriti zimo, trasi (fremu za vyuma vilivyounganishwa kwa pembetatu) zimo, mabloku ya kwenye mteremko yamo, halafu naingia kwenye mtihani nafungua karatasi naona ngazi imeegemea ukuta na sijui hata nianzie wapi. Niliumia sana siku ile. Naandika hii kwa wadogo zangu mlioko pale nilipokuwa, maana sa hivi najua kosa lilikuwa wapi na wala halikuwa kwenye akili.

Yale maswali 60 sikuyafanya mimi. Nilikuwa nasoma swali, nawaza dakika mbili tatu, nachungulia solusheni, naona aah kumbe momenti (kani mara umbali wake, ile inayozungusha kitu) zinachukuliwa pale A, naandika, jibu linatoka, naweka tiki naenda la pili. Hatua aliyoandika mtu mwingine ukiisoma unaiona nyepesi kabisa, unahisi na wewe ungeiona. Sasa ugumu wa mekanika upo kwenye kuamua, momenti uzichukulie wapi, ukate wapi, kani ipi ipo na ipi haipo, na solusheni inakuwa imeshakuamulia hayo yote, unabaki na kujumlisha na kutoa ambako ulikujua tangu shule ya msingi.

Aliyenitoa hapo ni kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Alichukua kitabu changu cha majibu akakiweka upande wake wa meza, akanirudishia lile lile swali la ngazi, akaniambia usiandike ekwesheni hata moja, we niambie tu hii ngazi inaguswa na nini na nini.

Ngazi yenyewe ni ya mita 5, uzito wake nyutoni 200, mguu uko mita 3 kutoka ukutani kwa hiyo kichwa kiko mita 4 juu, ukuta ni laini hauna msuguano. Nikamwambia inaguswa na ukuta na sakafu. Akasema na dunia inaivuta, sawa, sasa futa ukuta kichwani mwako, futa sakafu, ngazi ibaki inaelea yenyewe, na kila ulichokifuta weka mshale wa kile kilichokuwa kinaifanyia ngazi. Ukuta laini unaweza kusukuma tu, kwa pembe mraba na ukuta, hauwezi kuinyanyua wala kuishusha, kwa hiyo mshale mmoja wa kulala. Sakafu inasukuma juu, mshale wa pili. Halafu mguu ukiachiwa utakimbia kwenda mbali na ukuta kwa hiyo msuguano wa sakafu unaurudisha kuelekea ukutani, wa tatu. Uzito unapita katikati ya ngazi, wa nne. Hakuna kingine.

Hiyo picha ndo mchoro wa mwili huru, sisi tulizoea kuita fribodi. Na hapo ndo nilishangaa maana hesabu iliyobaki ilikuwa mistari mitatu. Chukua momenti kwenye mguu wa ngazi, kani mbili za sakafu zinapotea zote kwa sababu zinapita pale pale, unabaki na ukuta mara mita 4 ni sawa na 200 mara mita 1.5, ukuta unasukuma nyutoni 75. Msuguano nao 75, sakafu inabeba 200. Kwisha. Swali lililonikimbiza kwenye mtihani lilikuwa mishale minne.

Tangu siku ile nina sheria moja na sijawahi kuiacha: hakuna ekwesheni kabla ya fribodi, hata kama swali ni dogo kiasi gani, hata kama mchoro umeshachorwa kwenye karatasi ya swali. Ule mchoro wa kwenye swali una ukuta na sakafu na pini na rola (vitu vinavyoshikilia boriti), ni picha ya mahali. Fribodi ni picha ya kitu kimoja kimetolewa pale mahali. Wengi wanaochora mishale juu ya mchoro wa swali wanachanganya kani ambazo ngazi inaufanyia ukuta na zile ambazo ukuta unaifanyia ngazi, na zikishachanganyika hutazitenganisha tena, utajikuta unajumlisha vitu visivyohusiana.

Kuna kisa kimoja nakirudia kila nikimfundisha mtu, kwa sababu kinaonyesha fribodi si mambo ya kupata maksi tu. Tarehe 17 Julai 1981, Kansas City, Marekani, kwenye hoteli ya Hyatt Regency, njia mbili za kupita watu zilizokuwa zimening'inizwa ndani ya ukumbi zilianguka watu wakiwa wamejaa, wakafa watu 114. Njia ya ghorofa ya pili ilikuwa chini ya ile ya ghorofa ya nne. Mpango wa mwanzo ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zinazotoka darini, zinapita boriti ya juu na kuendelea mpaka boriti ya chini, kila boriti imekaa juu ya nati yake. Baadae ikabadilishwa, fimbo zikawa mbili mbili, moja inatoka darini inaishia boriti ya juu, nyingine inaanzia kwenye boriti ya juu kushuka ya chini.

Sasa we chukua karatasi ufanye hivi. Sema kila njia inaleta mzigo P kwenye muungano mmoja. Ukiitoa fimbo ya juu peke yake utaona inabeba 2P kwenye mpango wa kwanza na 2P kwenye wa pili, hakuna tofauti, unaweza ukasaini ukaenda zako. Lakini itoe boriti ya juu peke yake. Kwenye mpango wa kwanza nati inaisukuma juu kwa P, basi. Kwenye mpango wa pili ile njia ya chini imening'inia kwenye hii hii boriti, inaivuta chini kwa P nyingine, kwa hiyo nati ya juu lazima isukume 2P. Mzigo wa ule muungano umezidishwa mara mbili na badiliko ambalo kwa macho linaonekana dogo sana. (Hata mpango wa mwanzo haukufikia kiwango cha sheria za ujenzi za pale, lakini badiliko ndo lilimaliza.) Mimi kila nikiliwaza hili naona ni fribodi ya mishale mitatu, swali la wiki ya tatu ya kozi. Ndo maana nasema uchague vizuri kitu gani unakitoa, na ukimaliza kimoja utoe na jirani yake.

Msuguano. Hapa naomba mnisikilize kwa sababu hili kosa nimelikuta kwa karibu kila mtu niliyekaa naye. Watu wakiona msuguano wanaandika mu mara N moja kwa moja (mu ni namba inayoonyesha ukali wa msuguano, N ni kani ambayo sakafu au mteremko unasukuma kwa pembe mraba). Hiyo ni kiwango cha juu kabisa ambacho msuguano unaweza kufika kabla kitu hakijateleza. Bloku ya kilo 10 iko kwenye mteremko wa digrii 30, mu ya kusimama (kabla kitu hakijateleza) ni 0.7. Uzito ni nyutoni 98.1, sehemu inayoivuta kushuka mteremko ni 49.05, N ni kama 85, kwa hiyo mu mara N ni kama 59.5. Swali linauliza msuguano ni kiasi gani. Jibu ni 49.05! Bloku imetulia, msuguano unatoa kile kinachohitajika tu, ungekuwa 59.5 bloku ingeanza kupanda mteremko yenyewe. Kwanza tafuta msuguano unaohitajika kwa ekwesheni za msawazo (kani zote zikijumlishwa zinakuja sifuri), halafu ndo ulinganishe na mu mara N uone kama unawezekana. Kama hauwezekani, kitu kinateleza na unaanza upya na mu ya mwendo.

Na kwenye mteremko huo huo watu wanagombana na sini na kosini. Usikariri. Ishushe pembe iwe sifuri kichwani, mteremko unakuwa sakafu, je kitu kinavutwa kuteleza? Hapana, basi sehemu ya kuteleza lazima iwe na sini kwa sababu sini ya sifuri ni sifuri. Sekunde tano tu na hukosei tena.

Alama ya kutoa nayo inawatisha watu bure. Boriti ya mita 6, mwegemeo A uko mwanzoni, mwegemeo B uko mita 4, kule mwisho kuna mzigo wa kilonyutoni 6. Momenti kwa A: B mara 4 ni sawa na 6 mara 6, yaani 36, B ni 9 kwenda juu. Jumla ya wima: A ni 6 kutoa 9, yaani kutoa 3. Nilikuwa nikiona kutoa nafuta, nageuza mshale katikati ya hesabu, halafu ekwesheni za mbele zinavurugika zote. Iache. Ile kutoa inakwambia kwamba pale A boriti inataka kunyanyuka na lazima ishikwe kwa kuvutwa chini, kama umeweka rola inayoweza kusukuma tu basi boriti yako inapinduka. Hilo ni jambo kubwa sana kujua. Kwenye trasi ni hivyo hivyo, chukulia kila mwanachama (kila kipande cha chuma) anavutwa, ukipata kutoa ujue anabanwa, endelea.

Vipimo sitaongea sana, ila kilo si nyutoni, na milimita ukizichanganya na mita kwenye momenti unakosea mara elfu moja. Chombo cha anga cha Marekani kilichotumwa sayari ya Mars, Mars Climate Orbiter, kilipotea mwaka 1999 kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya paundi za kani na nyingine ikazisoma kama vipimo vya nyutoni. Andika kipimo kwenye kila mstari.

Sasa kufanya mazoezi kwenyewe. Mimi nilishuka kutoka maswali 60 mpaka kama 20 na matokeo yakapanda. Swali likinikwamisha najipa nusu saa kamili kitabu kimefungwa, na kukaa umekwama hivyo si kupoteza muda, ndo zoezi lenyewe, hapo ndo unajifunza kuamua. Nusu saa ikiisha naangalia mchoro wa fribodi tu kwenye solusheni, nafunika hesabu, naendelea mwenyewe. Swali lililonishinda naliandika tarehe pembeni na baada ya siku tatu nalirudia kwenye karatasi tupu, likinishinda tena siku tatu nyingine. Na kila jibu la boriti nalihakikisha kwa momenti kwenye nukta nyingine ambayo sikuitumia, jumla isipokuja sifuri kuna kosa na nalijua kabla ya mwalimu.

Kitu kingine kilichonisaidia kuliko vyote, ukimaliza swali libadilishe. Usikimbilie la pili. Ile ngazi kwa mfano, mpandishe mtu wa nyutoni 700 mpaka sehemu nne kati ya tano za urefu wake, ukuta unatoka 75 unaruka mpaka 495, sakafu 900, kwa hiyo mu inayohitajika inatoka 0.375 inakuwa 0.55, na hapo unaelewa kwa nini ngazi inayosimama vizuri ikiwa tupu inateleza mtu akikaribia juu.

Halafu ligeuze tena, na hili nawaachia mfanye leo kitabu kikiwa kimefungwa: mu ya sakafu ni 0.5, ukuta bado laini, mtu ni yule yule wa nyutoni 700, anaweza kupanda umbali gani kwenye ngazi kabla mguu haujaanza kuteleza? Jibu ni kama mita 3.57 ukipima kufuata ngazi kutoka chini. Ukipata 2.14 umeshafika karibu, hiyo ni umbali wa kulala kutoka mguuni, rudi kwenye mchoro uibadilishe.