Mita 3.2 kwa maabara? Simamisha hiyo ramani leo!

Mkuu, vioo vya mbele na marumaru weka pembeni kwanza. Nimesoma mpaka ulipoandika kwamba maabara yenu ya utafiti itakuwa ghorofa tatu, mita 3.2 toka sakafu hadi sakafu "kama ofisi tu", chai ikanipalia. Kipimo hichohicho tulikipitisha sisi 2016 kwenye maabara yetu. Saini yangu ipo kwenye ramani.

Piga hesabu. Mita 3.2, toa bimu ya sentimita 60, unabaki na 2.6. Toa dakti, yaani bomba kubwa la kupitisha hewa, na vyuma vya kuining'iniza, sentimita 50. Umebaki na 2.1. Kabati la kufyonza mvuke wa kemikali lina kimo cha mita 2.4. Haya, liingize.

Fundi wa dakti alifika slabu zote zimeshamwagwa. Akavuta futi kamba chini ya bimu, akatazama ramani, akaniuliza, "Bosi, hawa watafiti wana urefu gani?" Nilicheka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka kwenye ule mradi.

Kutoboa bimu mhandisi aligoma, na alikuwa sahihi. Tukapoteza vyumba viwili kila ghorofa kupandisha dakti hadi paani. Sasa tuna dakti zenye madirisha yanayotazama bustani, hamna mjini kote.

Pesa ikakata, msanifu akasema mfumo wa kuingiza hewa safi tuuache, AC za ukutani zinatosha. Zinatosha wapi! AC ya ukutani inazungusha hewa ileile ya chumbani. Kabati linaitupa nje, kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde pale mdomoni. Inayotoka lazima ifidiwe. Siku ya kuwasha makabati sita, chini ya mlango kulipiga filimbi, karatasi ya koridoni ikafyonzwa ndani, na mlango unaofungukia nje ukagoma mpaka dada wa maabara akausukuma kwa bega.

Na huyo msanifu wetu, kuchora hoteli alikuwa anajua kweli. Kwetu alisema maabara ni darasa lenye sinki, halafu akatuonyesha picha ya Taasisi ya Salk kule California, ule ua wenye mfereji unaoelekea baharini. Tukapiga makofi. Hakutuambia kwamba Louis Kahn, kwenye jengo hilo lililokamilika 1965, juu ya kila ghorofa ya maabara aliweka ghorofa nzima ya mabomba na dakti, fundi anatembea humo amesimama wima. Sisi tulichukua ua.

Kwa hiyo dakti zichorwe kabla ya dirisha hata moja. Usishuke chini ya mita 4, ukipata 4.5 shukuru. Msanifu akikwambia "tutabana kwenye dari", mwambie akuchoree huko kubana kwenyewe, na vipimo.

Uliuliza na sola, sijui na rangi. Sola nzuri. Mpigie msanifu wako sasa hivi umuulize bimu zake zina kina gani, uandike hapa.