Orodha ya vitenzi 1,000 haitakufundisha «put off»

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimekariri vitenzi 300 vya Kiingereza vya aina ya «phrasal verbs», yaani vitenzi vinavyofuatwa na kijineno kama «off» au «up», kila kimoja na tafsiri yake. Juzi bosi aliandika kwamba kikao cha Jumatano kimekuwa «put off until Friday», nami nikawaambia wenzangu kuwa kimefutwa, hivyo Ijumaa hatukuhudhuria. Sasa nimeuziwa orodha nyingine ya vitenzi 1,000. Je, niikariri? Katibu muhtasi, Dodoma.

Jibu: Marahaba. Usiikariri, kwa sababu tatizo lako si uchache wa vitenzi. «Put off» ni kuahirisha na «call off» ni kufuta, lakini katika orodha nyingi ninazoletewa na wanafunzi vyote viwili vimebandikwa neno «kusitisha», basi. Tena jibu lilikuwa mbele ya macho yako: kikao kilichofutwa hakiwezi kupangiwa Ijumaa. Orodha imekuzoesha kulitazama neno na kuiacha sentensi, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi.

Imani kwamba kila kitenzi cha namna hii kina maana moja ya Kiswahili ndiyo kosa ninalokutana nalo karibu kila wiki. Hebu jaribu kumfundisha mgeni neno letu «piga» kwa orodha. Anayepiga pasi, anayepiga kura, anayepiga deki na anayepiga chuku hawafanyi jambo moja, na hakuna Mswahili aliyejifunza hayo kwa kukariri. Aliyasikia yakisemwa mahali pake. Vivyo hivyo, ndege iki-«take off» inaruka, mtu aki-«take off» viatu anavivua, na biashara iki-«take off» imeanza kushamiri. Ugumu huu si mpya wala si wa Waafrika peke yao: Mwingereza Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikwisha kueleza kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na kijineno kinachofuata huwatatiza mno wageni.

Wako pia wanaofundisha kwamba «up» daima ni juu na «off» daima ni mbali. Ni kweli kwamba katika «eat up» na «use up» kijineno hicho huonyesha kumaliza kabisa, na ni vizuri kulijua hilo, lakini ukilifanya sheria utakwama kwenye «turn up», yaani kutokea mahali, na kwenye «give up», yaani kukata tamaa au kuacha.

Orodha hizo hazikuambii hata mahali pa kuweka kiwakilishi. Husema «put it off», kamwe si «put off it». Lakini husema «look after it», na hapo huwezi kuvitenganisha. Kamusi za wanafunzi za Oxford na Cambridge, ambazo zinasomwa bure mtandaoni, huonyesha jambo hili kwa kuweka neno «something» katikati au mwishoni mwa kitenzi.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea kurasa alizonunua, zikieleza kuwa «look after» ni «angalia baada ya». Aliyeziandika hakujua kwamba maana yake ni kutunza. Alitafsiri neno kwa neno, akapiga chapa, akauza. Watu wa namna hiyo ndio wanaotangaza Kiingereza cha siku 30, na hasara haiishii kwenye kikao kilichokosekana. Mgonjwa aliyeandikiwa «cut down on salt» ameambiwa apunguze chumvi, ilhali «cut out salt» ni kuiacha kabisa, na anayetia saini mkataba bila kuelewa «pay off» anaweza kudhani analipa sehemu ya deni kumbe ameahidi kulimaliza lote.

Chukua daftari, unakili sentensi nzima ya bosi wako kama alivyoiandika, kisha chini yake andika sentensi yako ya Kiingereza kuhusu jambo uliloliahirisha kweli mwezi huu. Fanya hivyo kwa vitenzi vinne au vitano kila wiki, ukivichukua kwenye barua zinazopita mezani pako. Ile orodha mrudishie muuzaji, na umwombe fedha zako.