Inhela ya bluu inanipa nafuu. Je, si pumu tu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 54. Utotoni nilikuwa na pumu, ikatulia nilipofika ujana. Nilivuta sigara miaka 25, nimeacha miaka mitatu sasa. Siku hizi nikipanda ngazi pumzi zinakata, na usiku kifua kinapiga filimbi. Daktari wa kwanza alisema ni pumu, wa pili akasema ni COPD, ule ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa. Picha ya kifua ilitoka safi, na nikivuta inhela ya bluu napata nafuu. Hilo halitoshi kuonyesha ni pumu tu, ili niache hii inhela nyingine yenye steroidi? Nimeambiwa inazoesha mwili.

JIBU: Usiiache, na haizoeshi mwili. Mengine yafuate.

Nafuu ya inhela ya bluu haitoshi, ndugu yangu. Hakuna wiki inayopita bila kumpokea mgonjwa aliyejipa jina la ugonjwa kwa njia hiyo, na wengine wamepewa na mhudumu ambaye hakutaka kujisumbua kupima. Salbutamoli, dawa iliyomo kwenye inhela hiyo, hulegeza misuli inayozunguka njia za hewa, na misuli hiyo kila mtu anayo. Mwenye COPD naye akivuta, hewa iliyonaswa ndani hupata pa kutokea, akahisi mwepesi. Kuhusu picha ya kifua, inatusaidia kutafuta kifua kikuu, uvimbe, maji au moyo uliopanuka. Picha safi haiondoi pumu wala COPD.

Ukiyasoma tena maelezo yako utaona yanavuta pande mbili: pumu ya utotoni na filimbi za usiku upande huu, miaka 25 ya moshi na pumzi kukata kwenye ngazi upande ule. Huenda madaktari wako wote wawili wako sahihi. Mwongozo wa kimataifa wa COPD uitwao GOLD, wa mwaka 2020, uliacha kutumia jina moja la mchanganyiko huu, ukasisitiza kwamba ni magonjwa mawili tofauti yanayoweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja.

Kinachokosekana kwenye barua yako ni spirometri, kipimo cha kupuliza hewa. Unabanwa pua, unajaza kifua hewa, unafumba midomo kwenye mrija na kupuliza kwa nguvu zote, kisha unaendelea kupuliza hata unapodhani hewa imekwisha. Tunalinganisha hewa iliyotoka sekunde ya kwanza na hewa yote iliyotoka. Halafu unavuta salbutamoli, kwa kawaida mikrogramu 400, unangoja dakika 10 hadi 15, unapuliza tena. Uwiano ukibaki chini ya 0.70, kuna mzibo wa njia za hewa usiofunguka wote. Ukirudi juu ya hapo, COPD inakuwa mbali. Ukibaki chini lakini hewa ya sekunde ya kwanza ikaruka kwa zaidi ya mililita 400, pumu ina mkono wake. Ongezeko dogo, la asilimia 12 na mililita 200, tunaliona kwa magonjwa yote mawili. Eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zikifika 300 kwa mikrolita zinaipa pumu uzito, ila peke yake hazihukumu.

Na kipimo kifanywe vizuri. Niliwahi kuletewa karatasi iliyoandikwa "kawaida", mchoro wake umekatika ghafla kwenye sekunde ya pili. Mgonjwa aliacha kupuliza mapema, jumla ya hewa ikaonekana ndogo kuliko ilivyo, uwiano ukapanda. Tulirudia, fundi akimwambia "endelea, endelea, bado". Ukashuka hadi 0.61.

Sababu ya kukukataza kuacha steroidi ya kuvuta ni hii: mwenye pumu akitumia kipanua njia za hewa cha muda mrefu bila steroidi hiyo, anaweza kupata shambulio la kumuua. Kwa mwenye COPD pekee, steroidi ileile huongeza hatari ya nimonia, kwa hiyo si kila mmoja anaihitaji. Ndiyo maana siwezi kukisia.

Wanaonikera zaidi ni wauzaji wa unga wa "kusafisha mapafu". Vifuko vya hewa vilivyochakaa kwa moshi havioshwi na kitu. Unga ukimaliza filimbi kwa siku moja au mbili, hofu yangu ni kwamba umechanganywa na steroidi kama prednisoloni, dawa ambayo wengine hujinunulia wenyewe kila kifua kinapobana. Ikitumiwa kiholela hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuleta mtoto wa jicho. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikate ghafla, maana tezi zake huenda zimepunguza kutengeneza homoni yake ya asili. Aende hospitali na pakiti yenyewe mkononi, hata kama haina maandishi.